Turbini iko, upepo uko wapi?



Leo ninataka tusome pamoja aina moja ya kazi ambayo wote tunaijua. Kichwa chake hakibadiliki sana: "Usanifu na utengenezaji wa turbini ndogo ya upepo yenye mhimili wima kwa ajili ya umeme wa vijijini". Mwishoni linawekwa jina la teritwari: Masisi, au Walikale, au zote mbili kwa mara moja. Inaweza kuwa memwari ya mwisho wa masomo, mradi wa mashindano ya vijana, au karatasi ya kuombea pesa kwa wafadhili. Sitataja kazi ya mtu hata mmoja, juu shida si ya mtu. Shida ni ya mtindo. Mtindo huo tumeurithi, tunaupitishia wadogo zetu, na juri zinaupigia makofi.

Lawama yangu ni moja, na ninaisema mapema ili anayetaka kubisha ajiandae: kazi hizi zinasanifu mashine kabla ya kujua upepo. Ukurasa wa kwanza unasema kijiji hakina umeme, na hilo ni kweli kabisa. Ukurasa wa sitini unasema turbini itatoa wati mia kadhaa. Katikati kuna historia ya nishati, ramani ya teritwari, hesabu za mabawa, michoro mizuri ya kompyuta. Lakini mtu aliyepanda mlima, akasimamisha kipimo, akakaa miezi akiandika namba, huyo humuoni. Kasi ya upepo inatokea tu ghafla kwenye mstari mmoja: "tuchukue mita 5 kwa sekunde". Tuichukue wapi? Kwa nani?

Kwanza tuwape haki yao

Anayechagua mhimili wima si mjinga. Sababu zake zina msingi.

Turbini ya kawaida, ile yenye mabawa matatu kama feni, lazima igeuzwe ielekee upepo. Ya mhimili wima haina shida hiyo: upepo utoke Sake au utoke Mweso, yenyewe inazunguka tu. Jenereta inaweza kukaa chini, fundi akaishika bila kupanda nguzo. Na aina ya Savonius, iliyobuniwa na Mfini Sigurd Savonius miaka ya 1920, unaweza kuitengeneza kwa pipa la mafuta la lita 200: unalipasua katikati kwa urefu, unasogeza nusu mbili zipishane kidogo, unazifunga kwenye mhimili mmoja. Mafundi wa kuchomelea wa Goma na Sake wanaweza kufanya kazi hiyo bila kumwita mtu wa ng'ambo.

Wazo lenyewe ni la kale. Kule Nashtifan, mashariki mwa Iran, kuna vinu vya upepo vya mhimili wima, vya udongo na mbao, vilivyosaga nafaka kwa mamia ya miaka. Mfaransa Georges Darrieus naye, miaka hiyo hiyo ya 1920, alibuni aina ya pili, yenye mabawa membamba yaliyopinda, ambayo ina nguvu kuliko ya pipa lakini mara nyingi inasumbua kuanza kuzunguka yenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba mhimili wima ni rahisi kutengeneza, haujali mwelekeo, na unaanza kuzunguka kwa upepo mdogo, anasema kweli. Ila kuna neno moja linalompotosha: kuanza. Kuanza kuzunguka si kutoa umeme. Pipa linaweza kuzunguka siku nzima, watoto wakashangilia, na taa isiwake.

Hesabu ambayo juri ingepaswa kuuliza

Tufanye hesabu pamoja, taratibu. Haihitaji digrii.

Nguvu iliyomo ndani ya upepo ni nusu ya uzito wa hewa (kilo kwa kila mita ya ujazo), mara eneo ambalo turbini inalikinga, mara kasi ya upepo iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Hapo kwenye "mara tatu" ndipo miradi mingi inapofia. Upepo ukipungua nusu, nguvu haipungui nusu. Inabaki sehemu moja kati ya nane.

Uzito wa hewa kwanza. Vitabu vinaandika kilo 1,225 kwa mita ya ujazo, na kazi nyingi zinanakili namba hiyo. Lakini hiyo ni hewa ya usawa wa bahari. Milima ya Masisi iko mita 1500, 2000 na zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi: tuseme kilo 1. Tayari tumepoteza karibu asilimia 18, na hatujagusa bawa hata moja.

Sasa pipa letu. Likishapasuliwa na kupishanishwa, linakinga eneo la kama mita 0,8 za mraba. Upepo wa mita 3 kwa sekunde (ule unaousikia usoni na unaotikisa majani ya mikaratusi) unabeba hapo karibu wati 11. Turbini yoyote haiwezi kuchukua zote. Mjerumani Albert Betz alionyesha karne moja iliyopita kwamba mpaka wa juu kabisa ni asilimia 59. Savonius ya kutengeneza kwa mkono inachukua kama asilimia 15. Inabaki wati 1,6. Toa hasara ya jenereta, mkanda, nyaya na batri: umebaki na wati moja.

Wati moja, bana.

Mtu mwenye haki atasema: upepo hauendi kwa kasi moja, na zile dakika za upepo mkali zinaleta nguvu nyingi kuliko wastani unavyoonyesha. Ni kweli. Kwa mgawanyo wa kawaida wa upepo, hilo linakaribia kuzidisha jibu mara mbili. Basi tumpe wati mbili. Mchana na usiku, bila kusimama, hizo ni wati-saa 48 kwa siku. Simu ya kisasa inakula karibu wati-saa 19 ili ijae. Kwa hiyo, pipa, nguzo, chuma, kuchomelea, jenereta, batri: vyote hivyo kwa ajili ya simu mbili kwa siku na taa ndogo ya kusomea kwa masaa machache.

Sasa weka pembeni pano moja ya sola ya wati 50, ile ambayo mtu anaibeba kwapani. Kwa masaa manne ya jua zuri inatoa wati-saa 200. Toa robo kwa ajili ya mawingu, vumbi na hasara: 150. Ni mara tatu ya pipa letu, haina kitu kinachozunguka, haina grisi, haina bolti ya kukaza.

Na upepo ukiwa mita 5, ile namba inayopendwa? Pipa lile lile linatoa wati 5 kwa mpigo huo wa upepo, karibu 9 au 10 tukihesabu kubadilika kwake. Hapo mazungumzo yanaanza kuwa mengine. Kati ya mita 3 na mita 5 kuna tofauti ya karibu mara tano ya umeme. Sasa unaona juu ya nini ninagombana na ule mstari mmoja wa "tuchukue mita 5". Jibu lote la memwari liko ndani ya mstari huo, na ndio mstari pekee ambao haukufanyiwa kazi.

Altenata ya gari inayokula kuliko inavyozaa

Kasoro ya pili iko kwenye sura ya jenereta. Kwa sababu ya bei, kazi nyingi zinapendekeza altenata ya gari iliyotumika, ya kununua sokoni. Wazo linavutia. Lakini tazama mambo mawili.

Moja: Savonius inazunguka polepole. Ncha yake inakwenda karibu sawa na upepo wenyewe. Kwa upepo wa mita 3, pipa letu linazunguka kama mara 50 kwa dakika. Altenata ya gari inataka zaidi ya mara 1000 kwa dakika ndipo ianze kuchaji. Kwa hiyo unaweka magurudumu na mikanda ya kuzidisha mzunguko mara 20 au zaidi, na kila mkanda unakula nguvu.

Mbili: altenata ya gari haina sumaku ya kudumu. Inatengeneza sumaku yake kwa umeme wa batri, na inaweza kuhitaji ampea mbili au tatu kwa volti 12. Hizo ni wati 24 hadi 36. Pipa linatoa wati mbili, altenata inadai 24 ili ikubali kufanya kazi. Hapo turbini haichaji batri. Turbini inaimaliza.

Njia iliyo bora inajulikana: jenereta ya sumaku za kudumu, inayozunguka polepole, yenye koili za shaba zilizokaushwa ndani ya gundi ngumu. Hugh Piggott wa Scotland amefundisha ufundi huo kwa miaka mingi, na watu wa nchi nyingi wametengeneza jenereta zake kwa mikono. Lakini mabawa ya Piggott ni ya mhimili wa kulala, juu ya nguzo ndefu. Aliyetumia maisha yake akitengeneza turbini ndogo kwa mkono aliyapeleka mabawa juu kwenye upepo. Sisi tunasifu turbini kwa kukaa chini, na chini ndiko nyumba, migomba na miti vinakoukata upepo.

Kuna na jambo la usalama, ambalo kwa kawaida linapewa aya moja tu. Kabla ya mvua kubwa, kwetu upepo unaweza kuruka kutoka mita 3 hadi 15 kwa muda mfupi. Hiyo ni mara 125 ya nguvu. Turbini nyingi za mhimili wa kulala zina mkia unaozigeuza pembeni upepo ukizidi. Pipa haliwezi kukwepa: upepo ukitoka popote linaupokea, na sifa ile ile tuliyoisifu inageuka hatari. Bila breki, una chuma kizito kinachozunguka karibu na nyumba za watu. Hata wakubwa walishindwa na mitikisiko: kule Cap-Chat, Quebec, turbini ya Darrieus iitwayo Éole, yenye urefu wa mita 110, ilisimama mwaka 1993 baada ya beringi yake kuharibika. Ile ilikuwa na mainjinia na pesa za serikali.

Yule kijana wa Malawi

Katika maongezi ya aina hii, dakika ya tano haifiki kabla mtu hajamtaja William Kamkwamba. Anastahili kutajwa. Alizaliwa mwaka 1987, akakulia wilaya ya Kasungu, Malawi, akaacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akasoma kitabu cha nishati kwenye maktaba ya shule ya msingi, akatengeneza kinu cha upepo kwa baiskeli, dinamo, feni ya trakta na mabomba ya plastiki. Mwaka 2007 alisimama jukwaani Arusha, hapa hapa Afrika Mashariki, akasimulia. Kitabu alichoandika na Bryan Mealer, *The Boy Who Harnessed the Wind*, kilitoka 2009. Filamu ya Chiwetel Ejiofor ilifuata 2019.

Filamu ni nzuri. Lakini imetuharibia kidogo. Inapofika mwisho, kinu kinazunguka, maji yanatoka, shamba linakuwa kijani, na mtazamaji anaondoka na somo kwamba nia ikiwepo, upepo unatosha. Maisha yenyewe yalikwenda namna nyingine. Kinu cha kwanza cha Kamkwamba kiliwasha taa nyumbani kwao na kuchaji simu za watu. Pampu ya maji ya kunywa ilikuja baadaye, na pampu hiyo iliendeshwa na jua. Rudia hapo: kijana wa upepo, alipotaka kuwapa watu maji, alitumia sola. Hakuwa na deni na upepo. Alitazama kazi iliyopo, akachagua kifaa.

Tena aliinua nguzo. Kinu cha kwanza kilikuwa na urefu wa kama mita 5, na baadaye akajenga cha mita 12. Mhimili wake ulikuwa wa kulala. Na kwao ni uwanda, ambako upepo aliukuta tayari. Tunachokinakili kwa Kamkwamba ni chuma chake. Alivyotazama kwao kabla ya kujenga, hilo tunaliacha.

Masisi si Walikale

Sasa turudi nyumbani, juu ya lile jina la mwisho wa kichwa. Kuandika "Masisi na Walikale" kana kwamba ni sehemu moja, kwa habari ya upepo, tayari ni kosa la kisayansi.

Walikale, sehemu kubwa, ni msitu wa mvua wa bonde la Kongo. Tuko karibu kabisa na ikweta, na miti mirefu inasimama kama ukuta. Ramani ya upepo ya dunia, Global Wind Atlas, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bure kwenye simu, inaonyesha bonde la Kongo kuwa kati ya sehemu zenye upepo dhaifu zaidi duniani. Anayependekeza turbini ya mita mbili kwenda juu katikati ya miti ya mita thelathini, upande wa Itebero au Njingala, anapendekeza sanamu.

Masisi ni habari nyingine. Kuna migongo ya milima iliyo wazi, malisho ya ng'ombe, bila miti mingi. Mgongo wa mlima unaweza kuusukuma upepo uende kasi zaidi kuliko bondeni. Inawezekana kabisa kwamba juu ya kilima fulani, upande wa Mushaki au kwingine, kuna upepo wa kufanya kazi. Ninasema inawezekana, juu ramani ya dunia haioni kila kilima, na njia ya kujua ni kupima. Lakini basi kazi iseme jina la kilima, urefu wake, na namba zilizopimwa pale, siyo "teritwari ya Masisi" yote kwa jumla. Watu hawaishi kwenye wastani wa teritwari.

Kenya inatufundisha hapo. Kule Loiyangalani, karibu na ziwa Turkana, zimesimama turbini 365, jumla megawati 310, zilizozinduliwa rasmi mwaka 2019. Hawakuchagua jangwa lile kwa kuwa watu wa pale ndio waliokosa umeme kuliko wote. Walilichagua juu upepo unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, unapita kwa wastani unaokaribia mita 11 kwa sekunde, na waliupima kwanza. Linganisha 11 na 3: kwa kila mita ya mraba, upepo wa Turkana una nguvu karibu mara 49. Upepo haufuati mahitaji ya watu.

Kilichopo kwetu

Kama lengo ni taa, simu, redio, friji ya chanjo kwenye kituo cha afya, basi swali la kwanza la mhitimu lingekuwa: hapa kuna nini? Katika milima yetu na msitu wetu, jibu linaloonekana kwa macho ni maji. Mvua inanyesha, vijito vinashuka, mito kama Lowa na Oso haikauki.

Hesabu tena, fupi. Maji ni mazito karibu mara 1000 kuliko hewa ya kwetu. Kijito cha lita 10 kwa sekunde, yaani jerikani ya lita 20 ikijaa kila sekunde mbili, kikianguka mita 10, kina wati 981. Kwa turbini ya kienyeji yenye ufanisi wa nusu tu, unapata karibu wati 490, usiku na mchana. Ungehitaji mapipa zaidi ya 240 ya Savonius kwenye upepo wa mita 3 ili uifikie. Na jirani zetu wa Rutshuru wameshaonyesha kitu kikubwa zaidi: kituo cha Matebe kilizinduliwa mwishoni mwa 2015, kina zaidi ya megawati 13, na umeme wake unafika Goma. Ni mto ule ule uliokuwa ukipita miaka yote.

Kuna na jambo lingine ambalo memwari zetu zinalikwepa, na ninalielewa, juu ni jambo la maumivu: vita. Watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara ngapi? Mama anayeondoka na watoto usiku anabeba godoro, sufuria, na kama iko, taa ndogo ya sola inaingia kwenye mfuko. Nguzo ya chuma inabaki. Tena nguzo ya chuma juu ya kilima, katika nchi ambako kila kilima kina anayekitazama, inaweza kudhaniwa kuwa antena ya watu wenye silaha. Mhandisi anayesanifu kwa ajili ya teritwari zetu bila kuuliza "watu wakikimbia, hiki kinakuwaje?" amesanifu kwa ajili ya nchi nyingine. Swali hilo ni la kiufundi kabisa, sawa na swali la beringi.

Memwari ninayotamani kuisoma

Simwambii mtu aache turbini za upepo. Ninaomba mpangilio ugeuzwe.

Ninatamani kusoma memwari yenye kichwa kama hiki: "Upepo juu ya kilima fulani, miezi kumi na miwili". Mwanafunzi ametengeneza kipimo chake: vikombe vitatu vyepesi kwenye mhimili mdogo, sumaku, na kihisi cha kuhesabu mizunguko. Amekipima kwa kukifunga mbele ya pikipiki, asubuhi hewa ikiwa imetulia, kwenye barabara iliyonyooka: kilomita 11 kwa saa ni mita 3 kwa sekunde, kilomita 18 ni mita 5. Amekiweka mita 10 juu, mbali na nyumba. Ameandika kiangazi na masika, mchana na usiku. Kama usalama haukumruhusu kurudi kilimani, amesema hivyo, na hakujaza mapengo kwa namba za kubuni.

Hana hata pesa ya kipimo? Kuna macho. Ukiusikia upepo usoni na majani yanatikisika, uko kati ya mita 1,6 na 3,3. Bendera ya shule ikinyooka na vijiti vidogo vikichezacheza bila kukoma, uko kati ya 3,4 na 5,4. Vumbi na karatasi zikiinuka, umevuka 5,5. Wanafunzi wa shule moja wakiandika hayo mara tatu kwa siku kwa mwaka mzima, tutakuwa na kitu bora kuliko ule mstari wa "tuchukue".

Halafu kwenye sura ya mwisho aweke meza moja ya kulinganisha: upepo, jua, maji, kwa kazi ile ile, kwa pesa ile ile, kwa kijiji kile kile, pamoja na gharama ya kutengeneza kinapoharibika. Na kama jibu ni kwamba turbini haifai pale, aandike haifai, na juri impe alama zake zote. Hapo ndipo profesa zetu nao wanaguswa. Mwanafunzi anajua kwamba memwari inayomalizia na "hapana" inaonekana kama kazi iliyoshindwa, kwa hiyo anatafuta namba zitakazomfikisha kwenye "ndiyo". Tumewafundisha hivyo sisi wenyewe.

Gharama ya "ndiyo" hiyo inalipwa na watu wengine. Kijiji kinachanga franga, vijana wanabeba chuma mgongoni kupanda mlima, sherehe inafanyika, picha zinapigwa. Baada ya miezi, pipa limesimama na kutu. Wanakijiji hawatasema kwamba kasi ya upepo ilikadiriwa vibaya. Watasema: wale watoto waliosoma walituongopea. Na siku mhitimu mwingine atakapokuja na mradi wa kijito, wenye hesabu sahihi, hawatamsikiliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayetafuta somo la memwari mwaka huu: kabla hujafungua programu ya kuchora mabawa, panda kilima chenu na kipimo. Ukishuka na namba, njoo tuzungumze juu ya turbini.